Mimea ya Harufu Nzuri Nyumbani
Somo kwa wasomaji wa Kipili na wa nyanda za juu za Ufipa



Wako wasomaji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika wanaouliza neno moja, nalo ni hili: Mbona mimea yenye harufu nzuri tuletewayo kutoka Tanga na Unguja hufa mikononi mwetu? Twaipanda kwa furaha, twainywesha kila siku, na kabla ya mwaka kupita imekauka. Na wale wa Sumbawanga huuliza kinyume chake: Mbona mchaichai unaositawi kule ziwani, huku kwetu wadumaa tu?

Swali hili ni jema, wala jibu lake si refu. Mmea haufi kwa sababu ya mkono wa mtu, wala kwa macho ya jirani. Hufa kwa kuwa umewekwa mahali pasipofanana na kwao, au kwa kuwa umelishwa na kunyweshwa kinyume cha desturi yake. Mwenye kujua kwao mmea, na akautengenezea mahali panapofanana na kwao, huyo ataustawisha. Haya ndiyo tutakayojifunza katika somo hili.

1. HABARI YA MWASUMINI MMOJA

Palikuwa na mama mmoja wa Kipili, mke wa mvuvi. Nduguye alimletea kutoka Tanga mche wa mwasumini wenye maua mawili, naye akaufurahia sana. Akatwaa debe la mafuta, akalijaza udongo mweusi wa bondeni, akaupanda mche humo, akaliweka debe mlangoni. Asubuhi aliumwagia maji, na jioni aliumwagia tena, mara nyingi maji ya sabuni aliyooshea vyombo, maana hakupenda kuyatupa bure.

Jirani yake, mama mzee, akapita siku moja, akausifu mmea ule, akainama akanusa ua. Baada ya siku chache majani yakaanza kuwa ya manjano, yakapukutika, na mmea ukafa. Mwaka wa pili akaletewa mche mwingine, nao ukafa vile vile. Ndipo yule mama akasema moyoni, “Jirani yangu ana kijicho. Tangu aliponusa ua langu, hakuna kinachoishi mlangoni pangu.” Akaacha kumwamkia. Watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja. Miezi ikapita, na watu wawili waliokuwa wakiazimana chumvi na moto wakawa kama wageni.

Siku moja mwalimu wa usharika akaja kuwatazama, akaliona lile debe lenye mti mkavu. Akasema, “Mama, nipe ruhusa nilipindue debe hili.” Akamjibu, “Pindua tu, mwalimu. Mti wenyewe umekwisha kufa.” Mwalimu akalipindua. Ukatoka udongo kama matope, unanuka kama kinamasi, na mizizi yote ilikuwa myeusi, laini, imeoza. Akalitazama debe chini: halikuwa na tundu hata moja.

Mwalimu hakusema maneno mengi. Alisema, “Mama, mmea huu umekufa maji. Mizizi nayo yahitaji hewa, kama sisi.” Yule mama akanyamaza, akaona haya, kwa maana alijua ni nani aliyeshtakiwa moyoni mwake kwa muda wote ule.

Tutarudi kwa mama huyu mwisho wa somo. Sasa na tujifunze.

2. HARUFU YATOKA WAPI

Ukishika jani la mrehani na kulisugua kwa vidole, harufu hutoka mara moja. Ukiliacha bila kuliguza, harufu ni kidogo. Sababu ni kwamba mafuta yenye harufu yamo katika vifuko vidogo sana juu ya jani au ndani yake; na vifuko vikipasuka, mafuta huruka hewani. Mmea haukufanyiza mafuta hayo kwa ajili ya pua zetu. Mafuta ya majani husaidia kuuepusha na wadudu na wanyama walao majani. Na harufu ya maua huwaita wadudu wabebao chavua, wengine mchana, wengine usiku. Ndiyo maana asumini hunukia zaidi giza linapoingia, wakati nondo wanapoanza kuruka.

Kutokana na habari hii twapata mafundisho mawili. La kwanza: mimea mingi ya jamii hii yapenda jua. Ikiwekwa kivulini sana hurefuka, hulegea, na harufu yake hupungua. La pili: samadi ikizidi, majani huwa makubwa na mabichi, lakini harufu hafifu. Mimea hii si mahindi. Usiilishe kwa kuitamani mikubwa.

3. KWANZA TAZAMA MAHALI ULIPO

Kipili na Sumbawanga zimo katika mkoa mmoja, walakini kwa mimea ni kama nchi mbili. Ziwa liko yapata mita 770 juu ya bahari. Mji wa Sumbawanga uko yapata mita 1800. Tofauti ni mita elfu moja na zaidi, na kwa desturi ya hewa joto hupungua kama digrii 6 kwa kila mita 1000 tupandazo. Kila mtu aliyepanda njia kutoka Kipili kwenda Namanyere amelijua jambo hili kwa ngozi yake: ameondoka ziwani akitokwa jasho, akafika juu akitafuta nguo ya pili.

Basi mtu wa Kipili ana joto usiku na mchana, na hilo lafaa sana mimea ya pwani. Lakini ana maadui watatu. Wa kwanza ni kiangazi. Mvua zaanza kwa kawaida Novemba, zakoma mwezi wa Aprili au karibu yake. Baada ya hapo mmea huna budi kuunywesha mwenyewe. Wa pili ni upepo wa kusi uvumao ziwani katika miezi ya kiangazi, unaokausha majani upesi kuliko mizizi iwezavyo kunywa. Wa tatu ni mchanga wa pwani, usioshika maji wala chakula.

Mtu wa Ufipa ya juu ana udongo ulio bora zaidi pengine, lakini baridi ya usiku wa Juni na Julai huiumiza mimea ya nchi za joto. Haifai ashindane na baridi hiyo. Na achague mimea iipendayo.

Mtu asiseme, “Mmea mgeni hauwezi kuzoea kwetu.” Mwembe nao ni mgeni, asili yake ni Bara Hindi. Hata hivyo, Stanley alipomkuta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, miembe ilikuwa imekwisha kumea kando ya ziwa hili hili. Mgeni akikuta mahali panapofanana na kwao, hukaa akazaa.

4. UDONGO NA CHOMBO

Wafipa hawana haja ya kufundishwa na mgeni namna ya kutengeneza udongo. Tangu zamani hujenga matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Nyasi hufukiwa chini ya madongo yaliyopinduliwa, zikaoza humo; baadaye tuta hutawanywa, na ulezi hupandwa katika udongo uliopata nguvu. Kazi hii ya wazee ndiyo tunayoihitaji uani, ila kwa kipimo kidogo.

Kwa mtu wa Kipili: chimba shimo la upana na kina cha dhiraa moja. Chini tia nyasi na majani makavu, kanyaga, mwagia maji, kisha rudisha mchanga uliochanganywa na samadi ya mbuzi ya zamani. Samadi mpya huunguza mizizi. Ngoja miezi kadhaa hata isiwe na harufu tena na ipukutike mkononi. Acha shimo lipumzike wiki tatu au nne kabla ya kupanda.

Kwa mtu wa juu mwenye udongo mzito ushikao maji: changanya mchanga, na pandisha tuta kiasi cha shubiri moja, ili maji ya mvua yapite.

Kwa mtu apandaye katika debe, chungu au sufuria iliyochakaa: kwanza toboa chini matundu matano kwa msumari mnene. Hili ni sharti la kwanza. Mengine yote hufuata. Juu ya kila tundu weka kigae kimoja kilicholala, ili udongo usimwagike na maji yapate kutoka. Kisha tia udongo wa chini ya miti sehemu mbili, mchanga sehemu moja, na samadi ya zamani sehemu moja. Inua debe juu ya mawe matatu, lisikae chini kabisa.

Wala usiweke sahani chini ya chombo ikakaa na maji siku nyingi. Maji yaliyotuama katika sahani na makopo ni shamba la mbu. Mtu asije akafuga mbu chini ya mmea alioupanda ili kuwafukuza.

5. MAJI

Watu wengi huua mimea ya vyombo kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Kipimo ni kidole chako. Chomeka kidole katika udongo hata kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, nywesha. Kikitoka na unyevu, ondoka, urudi kesho. Unaponywesha, nywesha sana hata maji yatoke matunduni, kisha uache. Kumwagia kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni hulowesha juu tu, na mizizi huja juu kutafuta maji, ikachomwa na jua.

Maji ya ziwa letu yafaa. Lakini yana magadi kidogo, ambayo maji ya mvua hayana. Ndiyo maana mwisho wa kiangazi utaona ukoko mweupe juu ya udongo wa debe. Ukoko huo uondoe kwa kijiti, na mvua za kwanza zikinyesha, toa vyombo vyote nje vioshwe na mvua. Maji yenye sabuni nyingi usiyape mimea ya vyombo. Mwaga chini ya migomba, na huko usimwage mahali pamoja siku zote.

Katika kiangazi funika udongo kwa nyasi kavu ili usikauke. Lakini zisiguse shina. Acha nafasi ya upana wa kiganja, kwa sababu mchwa hupenda kujificha chini ya nyasi, na kutoka hapo huanza kutafuna gome. Kwa ajili ya upepo wa kusi, simamisha ua wa matete upande utokako upepo. Ua huo utazuia na mbuzi pia, ingawa mbuzi hujaribu kila mwaka.

6. MIMEA YENYEWE, MMOJA MMOJA

Mchaichai. Huu ndio wa kuanza nao, maana husamehe makosa ya mwanafunzi. Haupandwi kwa mbegu bali kwa kugawanya shina. Chimbua kichaka cha zamani, tenga vishina vyenye mizizi, kata majani yabaki shubiri moja, upande mwanzo wa mvua, kila kimoja hatua moja kutoka kwa mwenzake. Ukivuna, kata upana wa kiganja juu ya ardhi, nao utachipuka tena. Kila mwaka wa tatu gawanya kichaka, la sivyo katikati hufa. Kipili husitawi sana. Sumbawanga huishi, lakini katika miezi ya baridi husimama usikue. Angalia mikono yako: ncha za majani hukata.

Mrehani. Mbegu zake ni ndogo kama baruti. Nyunyiza juu ya udongo laini, funika kwa udongo mwembamba tu, nywesha kwa kunyunyiza kwa mkono. Miche ikifika urefu wa kidole na zaidi, kata kilele cha kila mmoja. Pale ulipokata yatatoka matawi mawili. Fanya hivyo tena na tena. Maua yakianza, yaondoe, maana mrehani ukikwisha kuzaa mbegu huona kazi yake imekwisha, ukafa. Lakini acha shina moja lizae, uwe na mbegu za mwaka ujao na za kuwapa jirani.

Kivumbasi. Ni ndugu wa mrehani, mgumu zaidi, nao huota wenyewe kando ya njia na katika mahame. Huvumilia ukame, wala hauhitaji samadi. Ukikatwa mara mbili kwa mwaka hubaki kichaka kizuri; ukiachwa huwa kuni. Mtu asiye na maji ya kutosha na apande huu.

Mnanaa. Wasomaji wa Injili walijua jina la mmea huu kabla ya kuuona, kwa kuwa watajwa pamoja na bizari na jira katika Mathayo 23:23. Hupenda ubaridi, unyevu na jua la asubuhi tu. Basi huu ni mmea wa Sumbawanga kuliko Kipili. Hutambaa kwa mizizi ya chini na kunyang'anya tuta zima. Kwa hiyo upande katika karai lililotoboka. Mtu wa ziwani auweke upande wa mashariki wa nyumba, ukuta uukinge na jua la alasiri.

Rozimari. Nayo ni ya watu wa juu. Kwao ni nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, penye jua, mawe na kiangazi kikavu. Ipe mchanga mwingi, jua la kutwa, na maji machache. Masika ya Ufipa huiumiza kwa kulowesha mizizi, basi iwe juu ya tuta au karibu na dari ya nyumba isipopigwa na mvua yote.

Mwasumini. Huu ndio ulioleta maneno kwa yule mama. Hupandwa kwa vipande vya tawi. Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu sana, kata urefu wa shubiri moja chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu. Chomeka nusu yake katika mchanga wenye unyevu, weka kivulini, funika kwa chupa ya kioo iliyokatwa tako au kwa chungu kilichoinamishwa. Baada ya wiki nne hadi sita, ukikivuta polepole nacho kikashika, kimeshusha mizizi. Kizoeze jua kidogo kidogo. Mwasumini wataka jua la nusu siku au zaidi, na kukatwa kila baada ya kutoa maua mengi, kwa sababu maua mapya huja juu ya machipukizi mapya. Wanawake wa pwani hufunga maua yake pamoja na mrehani na maua mengine katika kikuba, na hata leo kikuba ni pambo la arusi.

Mlangilangi. Ni mti, si kichaka. Visiwa vya Ngazija na wenzake wa Komoro vimejulikana ulimwenguni kwa mafuta ya maua yake. Kipili wajaribiwe na mtu mwenye nafasi na udongo wenye kina, atakayekubali kuunywesha viangazi viwili vitatu vya mwanzo. Ukizidi kimo cha mtu, kata kilele, matawi yaelekee pembeni na maua yawe karibu na mkono. Usiupande karibu na ukuta. Watu wa Sumbawanga wasijisumbue nao, baridi itawashinda.

Mkarafuu, iliki na mdalasini. Watu wengi huitamani mitatu hii kwa kuwa hununua matunda, maua na magome yake sokoni. Na tuseme kweli. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukasitawi Unguja na Pemba kwa sababu ya joto lenye unyevu na mvua zinazokuja mara mbili kwa mwaka. Kiangazi chetu kirefu si rafiki yake. Tena zile karafuu za dukani ni matumba ya maua yaliyokaushwa, wala si mbegu. Hata ukizipanda mia hazitaota. Mbegu zake za kweli hufa upesi zikikauka. Iliki nayo hukaa chini ya kivuli cha miti mikubwa penye unyevu daima, kama milima ya Usambara karibu na Amani, mahali ambapo tangu mwaka 1902 palijaribiwa mimea mingi ya kigeni. Mdalasini ni mvumilivu zaidi. Aliye na mche mzuri na maji ya karibu aweza kuujaribu Kipili penye kivuli kidogo. Lakini kwa mkarafuu na iliki, afadhali kununua.

Mtu asione ni kushindwa kuacha mmea usiofaa mahali pake. Ni busara. Afadhali mchaichai ulio hai kuliko mkarafuu wa kulilia.

7. KUVUNA NA KUKAUSHA

Vuna majani asubuhi, umande ukiisha kukauka na jua halijawa kali. Wakati huo mafuta bado yamo majanini. Majani ya mrehani na mnanaa ni mazuri zaidi kabla maua hayajafunguka. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja.

Kausha kivulini penye upepo, si juani. Dagaa twawaanika juani juu ya mchanga, nao ni wazuri. Lakini majani ukiyaanika hivyo, jua huchukua mafuta yote na kukuachia majani makavu yasiyo na harufu. Tena yaanike mbali na dagaa, maana majani hushika harufu ya jirani upesi. Yakivunjika mkononi kwa mlio, yamekauka. Tia katika chupa yenye kifuniko, weka gizani.

Ukiona vidukari, wale wadudu wadogo wakaao chini ya majani machanga, waoshe kwa maji kwa nguvu ya mkono. Wakirudi, tumia maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza. Usitie dawa ya pamba wala dawa ya ghalani juu ya majani utakayokunywa katika chai.

8. MBU NA HOMA

Hapa twaomba msomaji asome polepole, maana ni habari ya uhai wa watoto.

Ni kweli kwamba kivumbasi na ndugu zake huwachukiza mbu. Wazee wetu walilijua jambo hili, na wataalamu wamelichunguza. Mwanzoni mwa karne hii ya 21, katika kisiwa cha Rusinga kilicho Ziwa Victoria upande wa Kenya, waliweka nyumbani mimea ya namna hiyo iliyo hai katika vyungu, na tena walipasha moto majani yake. Mbu walipungua. Lakini tuangalie neno hilo: walipungua, hawakwisha. Na mbu mmoja aliyebaki atosha kumpa mtoto malaria.

Basi panda kivumbasi dirishani, ni vema. Lakini chandarua chenye dawa kisiondoke kitandani hata usiku mmoja. Wala usifunge chumba ukalala na jiko la makaa ndani kwa ajili ya kufukizia majani; hewa ya makaa huua watu wakiwa usingizini bila wao kujua.

Vile vile chai ya mchaichai ni nzuri, huburudisha na kumtia mgonjwa hamu ya kunywa. Lakini si dawa ya malaria. Mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku iyo hiyo apimwe damu, apewe dawa ipasayo. Chai atakunywa akirudi. Na mafuta makali yaliyokamuliwa kutoka kwa mimea hii na kuuzwa katika chupa ndogo, mtu asiyanywe wala asimnyweshe mtoto; tone moja lina nguvu ya majani mengi.

9. MWISHO WA HABARI YA MWASUMINI

Yule mama alitoboa debe lake. Akaomba nduguye amletee vipande vya mwasumini mara ya tatu, vikaja vinne vimefungwa katika kitambaa chenye maji. Viwili vilikauka njiani, viwili vikashusha mizizi. Hakumwagia tena kila siku. Alichomeka kidole kwanza.

Mvua zilipoanza, alikitwaa kimoja katika kopo, akavuka ua, akapiga hodi kwa yule mama mzee.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Akamtazama, maana ni siku nyingi hakuisikia sauti ile mlangoni pake.

“Nimekuletea mwasumini. Kopo nimelitoboa.”

Mama mzee akalipokea kopo, akaligeuza akatazama chini, akaona matundu. Akasema, “Ule wa kwanza nilitaka kukuambia kwamba debe halikuwa na tundu. Nikaogopa utasema naingilia mambo yako.” Kisha akamwambia akae, akateleka maji ya chai.

Sasa iko miasumini miwili Kipili katika nyua mbili zinazopakana, na jioni mtu apitaye hawezi kusema harufu yatoka kwa nani.

Ndugu msomaji, mmea wako ukifa, usianze kwa kumtafuta mtu. Pindua debe, utazame mizizi.

MASWALI YA KUULIZANA BAADA YA KUSOMA

1. Kwa nini mmea uliomo chomboni hufa ukinyweshwa kila siku? Ni kipimo gani cha kujua kama wataka maji?
2. Taja maadui watatu wa mimea ya harufu huko Kipili. Kila mmoja huzuiwaje?
3. Ni mimea ipi ifaayo ziwani, na ipi ifaayo Ufipa ya juu? Kwa sababu gani?
4. Kwa nini karafuu za dukani haziwezi kuota?
5. Kivumbasi chaweza kushika nafasi ya chandarua? Eleza.
6. Je, katika kijiji chetu liko jambo ambalo kwalo mtu ameshtakiwa moyoni, na sababu yake haijatazamwa bado?